Mshumaa Uliozimika Sakafuni

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu Masika: ndimu, majani ya nanaa, na kwa mbali kitu kama rumu. Shangazi yako aliyeko Ulaya alikuwa amenitumia mshumaa wa nta ya soya ndani ya glasi nzito, na kwenye karatasi yake picha ya kokteli, kinywaji cha baa, yenye kipande cha ndimu ukingoni. Nyumba ile ilikuwa yangu ya kwanza na nilikuwa na maringo nayo. Wiki mbili nzima mshumaa ulikaa kabatini, nikimwonyesha kila mgeni bila kuuwasha. Bibi yako, mama mkwe wangu, aliunusa akakunja uso, maana kwake mshumaa ni wa kuwashia Bikira Maria. "Hii mushumaa iko ya baa," alisema, akaurudisha kabatini.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulinitumia picha ya nyumba uliyopanga Keshero. Nimeitazama mara nyingi kuliko unavyodhani. Nimeona ngazi zinazoshuka kutoka barabarani hadi mlangoni, sita, labda saba, na tangu hapo sina raha.

Nyumba yetu nayo ilikuwa Keshero, nayo ilikuwa na ngazi za kushuka. Ilikuwa imekaa tupu muda mrefu, sisi tukaona ni bahati yetu, na hatukumuuliza jirani hata mmoja kwa nini. Mimi nilikuwa nimetoka Butembo, mgeni wa mji huu. Mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu inayotoka chini ya mawe ya volkano na kujikusanya mabondeni, niliisikia kama habari ya mbuzi waliokufa shimoni huko mashambani. Sikufikiri kwamba inaweza kuingia sebuleni kwangu.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika na hapakuwa na upepo hata kidogo. Baba yako alikuwa ametoka mapema kwenda kufungua duka lake Birere. Wewe ulikuwa na miezi saba, umelala kwenye mkeka kando ya ukuta, na chumba kilinuka unyevu. Nikasema leo ndiyo siku ya ule mshumaa. Nikauweka mshumaa sakafuni karibu na mlango, mbali nawe, nikauwasha. Ukazimika. Nikauwasha tena, ukazimika. Mara ya tatu kiberiti chenyewe kilikufa mkononi mwangu kabla sijafika kwenye utambi, nami nikalaumu kiberiti kwamba kimelowa. Kisha nikamlaumu shangazi yako na vitu vyake vya Ulaya.

Nikaunyanyua mshumaa nikauweka mezani. Hapo ukawaka vizuri kabisa, mwali umesimama, na harufu ikajaa nyumba nzima. Nikavuta kiti, nikajimiminia chai, nikakaa kama mgeni wa hoteli. Saa yako ya kunyonya ilifika na hukulia. Mwanangu, nilifurahi. Nilikushukuru moyoni kwa kuniacha nipumzike. Jambo hilo sijamwambia mtu yeyote hadi leo, hata baba yako.

Bibi yako aliingia na fungu la mboga za lenga-lenga kwapani, akasimama akinusa.

"Umeiwasha kumbe."

"Ndiyo, mama. Lakini iko na kichwa ngumu. Pale chini inakataa, hapa juu ya meza inawaka muzuri."

Nilisema hivyo nikicheka. Yeye hakucheka. Mboga zilimdondoka.

"Mutoto iko wapi?"

"Analala pa mukeka."

"Mubebe. Toka naye inje, panda juu. Utaniuliza huko."

Sikukubeba mimi. Alikubeba yeye, akiwa amebana pumzi, akazipanda ngazi zile mwanamke wa miaka sitini na goti bovu, nami nikimfuata nyuma. Barabarani alikugeuza uso kwenye hewa. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu na shingo haikushika kichwa. Akakusugua mgongo, akakupiga nyayo, akakuita jina lako. Mimi nilisimama tu, nikinusa ndimu iliyobaki kwenye nguo zangu. Sijui ilichukua muda gani. Kisha ukakohoa, ukalia, na mama mmoja aliyekuwa akipita akafanya ishara ya msalaba.

Wakati tunangoja pikipiki ya kukupeleka kwa daktari, bibi yako hakunigombeza kwa sauti. Alisema tu, "Mama Masika, mushumaa ilikuambia mara tatu. Wewe ukaihamisha."

Hatukulala tena nyumba ile.

Sasa wewe mwenyewe unatengeneza mishumaa ya soya, na ule ulioniletea, wa tunda la marakuja na tangawizi, nimeuwasha jana mchana. Unanukia vizuri. Bibi yako angesema uko wa baa. Niliuweka kwanza sakafuni, nikangoja nione kama utazimika, ingawa nyumba yangu iko juu na sakafu haina tatizo.

Kwa hiyo nisikilize, usicheke. Kabla hujahamisha kitanda, nenda kwa majirani wa pande zote uwaulize nani alikaa humo na kwa nini alitoka. Usilaze mtu chini, hata mgeni wa siku moja. Asubuhi isiyo na upepo fungua mlango kabla ya jambo lingine. Mshumaa ukiwaka, usidhani umekuahidi kitu, na pua yako iliyojaa marakuja haitakwambia chochote. Lakini moto ukifa chini, usitafute kiberiti kingine, usiuhamishe. Mbebe aliyelala, panda naye juu. Na majirani wakikuambia neno baya, rudi nyumbani. Chumba chako hakijapewa mtu.

Mungu akupe nyumba yenye hewa, mwanangu, na watoto wanaolia saa yao ya kunyonya ikifika. Akupe pia mtu wa kuingia bila kubisha hodi, kama bibi yako alivyoingia kwangu.