Roboti Niliyoitamani, na Ng'ombe wa Mama Elia

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja hakunipa ndoo. Alinipa kikata kucha. Alisema mkamuaji mwenye kucha ndefu ni mwizi, maana ng'ombe akiumizwa chuchu huyabana maziwa, na hayo ni maziwa ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia kidato cha pili, nikidhani kukamua ni kuvuta. Kumbe ni kuminya kwa kiganja kizima, kuanzia juu kushuka.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa. Mtacheka mkisikia mstaafu ana miaka ishirini na tisa, lakini nimestaafu kukamua tu, sijastaafu kuishi.

Shamba letu liko mlimani, juu ya Makanya. Ng'ombe hawatoki bandani. Tunawakatia majani ya tembo, na kiangazi lori hupandisha majani makavu ya mpunga kutoka Kihurio. Nilianza kwa kuzoa mbolea. Nikahamishiwa kwa ndama, kuwanywesha dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo. Mwaka wa pili nikakabidhiwa ng'ombe sita. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unakikanda mpaka ng'ombe aachie maziwa, na matone ya kwanza unayaminyia kwenye kikombe cheusi uone kama yana mabonge. Yakiwa na mabonge, unamwita Daktari wa mifugo.

Mwenye shamba, tuliyemwita Mkurugenzi, alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu. Maziwa tuliuza Same mjini, lakini shabaha yake haikuwa maziwa. Ilikuwa mitamba, yaani majike wanaokaribia uzao wa kwanza. Kila mtamba alizalia kwetu, tukamzoesha kukamuliwa, kisha akapelekwa kwa familia isiyo na ng'ombe. Familia hiyo nayo ilimpa jirani ndama jike wa kwanza. Mkurugenzi alitaka kila nyumba ya mlima ule iwe na ng'ombe kabla hajafa, na alilisema hilo akicheka, kama mtu anayepanga safari.

Basi mwanawe, Injinia, anayeishi ng'ambo, akatuma video ya roboti ya kukamua. Ng'ombe anaingia mwenyewe saa anayotaka, mkono wa chuma unamwosha chuchu, vikombe vinajivika, maziwa yanapimwa. Niliitazama mpaka bando likakata. Injinia aliahidi kuileta na sola yake, na kunifundisha niwe fundi wake.

"Wewe mtoto," Meneja alinitania, "nyumbu anamshangilia simba."

Sikujali. Nilishajiona nimevaa ovaroli la bluu, bisibisi mfukoni.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuamua kwa video. Daktari wa mifugo akashauri tujaribu kwa udogo: tuazime mashine ya ndoo, ambayo si roboti, lakini nayo hukamua kwa vikombe badala ya vidole. Ng'ombe watatu wa uzao wa kwanza wakakamuliwa kwa mashine tu, tangu walipozaa. Miezi miwili walisimama wakicheua kwa raha zao. Nikapeleka taarifa nikitabasamu hadi masikioni. Tukapanga kikao cha kuamua.

Kabla ya kikao, mmoja wa wale watatu, Kidoti, alipelekwa kwa Mama Elia, mjane mmoja wa huko juu. Siku ya tatu Mama Elia akashuka kwa miguu, mkononi kidumu kitupu. Hakulalamika. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimemkosea nini huyu ng'ombe? Nikimgusa anarusha teke. Nikimbembeleza ananitazama tu."

Nilipanda naye. Kiwele cha Kidoti kilikuwa kigumu na cha moto. Nami pia alinipiga teke, mimi niliyemlea. Nikaelewa: hajui vidole. Anangoja mashine. Ikabidi nivume kwa midomo kama ile mashine, vrrr, vrrr, huku nikiminya taratibu, watoto wa Mama Elia wakigaragara kwa kicheko. Siku ya nne ya kuvuma akaachia. Mama Elia akageuka ukutani akajifuta macho kwa khanga.

Kule shambani hawakujua kitu. Nilishuka nikiwaza kwamba nikinyamaza, roboti inakuja. Nilitembea polepole sana siku ile.

Kikaoni Mkurugenzi aliuliza mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Roboti ni nzuri, Mama. Ng'ombe wataipenda. Shida ndiyo hiyo." Nikaeleza yote.

Meneja akauliza, si nilivuma, akaachia?

"Aliachia siku ya nne, Meneja. Na hao wengine, nitavuma nyumba ngapi?"

Walicheka. Mkurugenzi alivua miwani. "Lingekuwa shamba la maziwa tu, ningeagiza leo," alisema. "Lakini sisi ng'ombe wetu wanakwenda kwenye mikono ya watu."

Mashine ikarudishwa kwa mwenyewe. Wale wawili waliobaki tuliwazoesha vidole upya, mmoja wiki moja, mwingine karibu mwezi.

Baada ya hapo Mkurugenzi akanitoa kwenye kukamua. Sasa kila mtamba akitoka, natoka naye, nakaa wiki nzima kwenye nyumba mpya, namfundisha mwenye nyumba na ng'ombe pamoja. Huko ndiko kustaafu kwangu. Vidole vinapumzika, miguu ndiyo inayolia.

Injinia alinipigia simu akauliza kama nililia roboti ilipokataliwa. Nikasema kidogo. Akauliza kama bado naitamani. Nikasema mpaka leo, hata jana nimeiota.

"Basi siku ukipata shamba lako, utaanza na roboti?"

"Nitaanza na kujua ng'ombe wangu wanakwenda kwa nani, kaka," nikamwambia. "Nikishajua, nitakupigia."