Figo za Kaka Yangu Lomayani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku niliyokuwa na kibuyu cha maji mkononi nisimpe kaka yangu. Nimezeeka, lakini hasira ya siku ile haijazeeka pamoja nami.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Vijana wa kwetu walichukuliwa kwa nguvu kutengeneza barabara ya kwenda Moshi, na kaka yangu Lomayani alikuwa mmoja wao. Walipasua mawe karibu na mto wa Maji ya Chai na kuyabeba mabegani tangu alfajiri. Sisi wasichana tulichota maji ya kukorogea chokaa ya daraja. Nyapara alikuwa mtu mweusi kama mimi na wewe, aliyejifunza ukali kwa bwana wake kisha akamzidi. Alitutangazia, "Hakuna kunywa mpaka kazi iishe. Mkinywa mtataka kwenda vichakani kukojoa, na mawe yatabebwa na nani? Atakayekunywa atakula hamsa ishirini." Hivyo ndivyo tulivyoviita viboko ishirini na tano, nami nilikuwa nimeuona mgongo wa mtu aliyevila.

Jua lilipofika utosini, Lomayani alinipitia na jiwe begani. Midomo yake ilikuwa imepasuka, wala hakutoa jasho tena.

"Mdogo wangu, nipe funda moja tu."

Nyapara alikuwa mbali, ametugeuzia mgongo. Lakini nikamwambia, "Vumilia kaka, kazi inakaribia kuisha." Nilidhani nauokoa mgongo wake. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku ya tatu akaanguka.

Tulimbeba mpaka nyumbani. Mkojo uliomtoka jioni ile ulikuwa kidogo, mweusi kama kahawa, kisha haukutoka tena. Miguu ikavimba, uso ukavimba, akawa anatapika na kwikwi haimwachi. Nyapara akatuma mtu kusema kwamba Lomayani ni mvivu, anajifanya mgonjwa. Mvivu, mwanangu. Mtu aliyebeba mawe juani siku tatu kwa koo kavu.

Baba alichinja mbuzi ili mgonjwa apate supu. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alinikuta nalia nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika figo za yule mbuzi. Akaipasua moja kwa kisu, akanisogezea puani.

"Inanuka nini?"

"Mkojo, Koko."

"Damu ya mnyama hupita hapa kuoshwa. Uchafu unashuka na maji kwa mrija huu mpaka kwenye kibofu. Pasipo maji, utaosha na nini? Uchafu wa kaka yako umembaki mwilini."

Nikajitetea kwamba nyapara alikuwa amekataza.

"Kibuyu kilikuwa mkononi mwa nani?" akaniuliza.

"Mwangu."

"Basi usinitajie nyapara."

Lomayani alifariki siku ya sita tangu aanguke. Tulipomaliza kumzika, nyapara alikuja, na hakuja kutupa pole. Alikuja kuuliza nani atachukua nafasi yake. Nilisimama mbele ya wazee, msichana mimi, nikamwambia, "Umemuua kaka yangu, na mimi nilikusaidia. Sitakusaidia tena." Kesho yake nilirudi barabarani nikampa maji kila aliyepita. Nyapara alinipiga kofi, nikaokota kibuyu nikaendelea. Wasichana wenzangu nao wakaanza kugawa. Akatishia, akatukana, mwisho akatuacha, maana angetupiga wote nani angemchotea maji ya chokaa?

Miaka mingi baadaye tabibu wa zahanati alinieleza kwamba Koko hakukosea. Figo huchuja damu usiku na mchana. Hupima maji na chumvi ya mwili, husaidia hata damu mpya kutengenezwa. Mtu akichoshwa mno juani bila maji, nyama za mwili wake huumia na kumwaga sumu kwenye damu, na figo zilizokauka huzibwa na sumu hiyo. Nilimsikiliza kwa ghadhabu. Kumbe kilichotosha kumponya kilikuwa kikitiririka hatua chache kutoka miguuni pake.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia kuna mwenye shamba anayewahesabia vibarua safari za choo, na nakasirika zaidi nikikuona wewe unashinda juani bila kunywa, ukijisifu kwamba ndio uanaume. Kunywa maji kabla kiu haijakutesa. Ukibanwa, nenda, usimwogope mtu. Uutazame mkojo wako: ukiwa mweusi au ukigoma kutoka, au ukiamka uso na miguu imevimba, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Usimeze dawa za maumivu ovyo, maana nazo huzichosha figo. Na siku utakayowekwa juu ya wenzako, ukaambiwa uwanyime maji, kataa. Mimi nilitii, na utii wangu ulizikwa pamoja na kaka yangu.

Mungu akupe mwili wenye nguvu, mwanangu, na moyo usioweza kumtazama mwenye kiu ukanyamaza. Akuzeeshe kuliko mimi, uwazike wazee wako, usimzike ndugu yako kwa kosa lako.