Mkwe Chini ya Dirisha

Watu wa siku hizi nikiwasimulia habari hii wanacheka. Wacheke tu, mdomo ni wao. Mama yangu, Tusekile, aliishi boma moja na baba mkwe wake huko milima ya Rungwe, kusini mwa Mbeya, miaka na miaka, asiujue uso wake. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mwanamke hamtazami baba wa mumewe, haongei naye, na jina lake halitamki. Mzee akikohoa njiani, mama aliingia migombani akageuza mgongo mpaka apite. Na alikuwa Mkristo, usidhani vinginevyo. Ubatizo haukumwondolea adabu.

Mwaka 1956 walikuwa wamebaki wao wawili, na mimi mtoto wa mgongoni. Baba yangu, Lutengano, alikwenda machimboni Afrika Kusini kabla sijazaliwa. Bibi alikwisha kufariki. Mzee akaugua kifua, na jirani yetu Yotamu, dereva wa lori la kwenda Iringa, akampeleka hospitali ya huko. Baada ya mavuno Yotamu akarudi na maneno: mzee amezidiwa, anataka mtu wa nyumbani.

Mtu wa nyumbani alikuwa nani kama si mama? Kwetu, kufa ugenini bila kusikia lugha yako ni kufa kama mnyama wa porini. Mama akanifunga mgongoni, akashuka Mbeya kupanda basi. Njia nzima alijiuliza atamhudumiaje mtu asiyeruhusiwa kumtazama.

Iringa ilimtisha kwa magari na kelele zake, ila kilichomshinda kilikuwa getini hospitali.

"Mgonjwa wako anaitwa nani?" bawabu akauliza.

Mama akainamisha kichwa. "Ni mzee wetu."

"Wazee wamejaa humo. Jina lake, mama!"

Mama akarudia yale yale. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Bawabu akamwona punguani, akamwambia akae pembeni, na mama akatembea mpaka sokoni, akajikunyata ukutani akalia.

"Kamwene, dada. Nani amekupiga?"

Alikuwa Mhehe muuza maharage, jina lake Severina. Hawakuwa wameonana hata siku moja. Mama akamweleza kwa Kiswahili chake cha kanisani, kikivunjika huku na huku. Severina hakucheka. Akamwachia mwenzake maharage, akamshika mama mkono wakarudi getini.

"Huyu ni mkwe," akamwambia bawabu. "Jina hawezi sema. Mimi nitamtafutia mgonjwa wake."

Bawabu akakuna kichwa, akampisha. Severina akapita wodi ya wanaume akiuliza kwa sauti, "Nani hapa baba yake Lutengano?" Mzee mmoja aliyelala chini ya dirisha akainua mkono.

"Mkwe wako yuko nje."

Mzee akavuta blanketi mpaka machoni. "Asiingie! Mwambie asiingie." Kisha machozi yakamtoka. "Lakini asiende mbali."

Basi Severina akamzungusha mama nyuma ya jengo, wakaketi kwenye majani chini ya dirisha lile.

"Sasa ongea," akasema.

"Niongee na nani?"

"Na mimi. Yeye atasikia."

"Kinyakyusa hujui."

"Sijui. We ongea tu."

Mama akaongea. Akamwambia Severina, kwa Kinyakyusa, kwamba ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, kwamba upepo umeangusha migomba ya kule mtoni, kwamba kaburi la bibi limepaliliwa na mtoto ameota meno. Severina, ambaye hakuelewa hata neno, akaitikia "Ee," na "Kumbe!" pale alipoona panafaa. Kwa kila habari mzee alikohoa ndani, kumaanisha amesikia. Habari ya ndama ilimchekesha kabisa.

Kesho yake walikaa tena palepale, na kesho kutwa. Nakasirika nikisikia mtu anasema mjini hakuna utu. Maharage ya Severina yalikuwa yanauzwa na nani siku zote hizo, mwenzake yule yule? Mwenyewe hakusema, na mama aliona aibu kuuliza.

Asubuhi moja mama alikuwa anasimulia jinsi alivyoezeka upya nyumba ya mzee. Kikohozi hakikujibu. Akairudia habari ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Severina akaingia ndani, akatoka taratibu.

"Amepumzika, dada. Njoo umfunike. Maiti haina mkwe."

Mama alisimama mlangoni muda mrefu, kanga imefunika macho. Halafu akaiondoa.

Mzee alizikwa Iringa. Wanawake wa sokoni walikuja na Severina wakamlilia kwa Kihehe, mama akalia kwa Kinyakyusa, na sauti ya mama, nimeambiwa, iliwashtua hata wao.

Mwaka uliofuata habari ikafika kwamba mgodi umemfunika baba yangu. Nyumba ikajaa vilio, lakini mama hakutoa chozi. Watu wakamsema sana: mwanamke gani huyu, alimlilia mkwe kuliko mume? Mimi nilipokua nilimuuliza, kwa hasira, kwa sababu baba sikuwahi kumwona wala picha yake hatukuwa nayo.

"Siku ile Iringa nilipoondoa kanga," akasema, "aliyelala pale alikuwa Lutengano. Pua yake, paji lake, mdomo wake, ila amezeeka na amefumba macho. Nilimlilia palepale, mwanangu. Nilimlilia machozi yangu yote."