Kandambili Ng'ambo ya Korongo

Fundi cherehani wa kijiji chetu tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Nusu yetu tunavaa alichoshona, nusu nyingine alichotia viraka. Alikuja hapa kuolewa, akazaa, akazika mume, akabaki kwenye nyumba ya mwisho, ng'ambo ya korongo. Maji anateka bondeni, na goti lake moja limeshamchoka.

Ndiyo maana siku mtaalamu wa mradi wa maji alipotuita uwanja wa shule, tuchore wenyewe ramani ya kijiji, Sindano alifika kabla ya mwenyekiti. Mtaalamu alisema wazi: bomba litaishia kwenye nyumba ya mwisho mtakayoichora.

Tukainama chini. Majivu yakawa barabara, kokoto zikawa nyumba. Aliyeshika majivu ni shemeji yake Sindano, mdogo wa marehemu, na alivyojitanua ungedhani anagawa urithi. Alipofika kwenye korongo akakung'uta mikono.

"Tumemaliza."

"Na mimi naishi wapi, shemeji? Mbinguni?" Sindano akauliza.

"Aa, shemeji, tangu kaka atutoke tulijua utarudi kwenu."

Iliniuma. Bwana huyo kila akinenepa, suruali zake zinapanuliwa huko huko ng'ambo!

Sindano alivua kandambili moja, akaiweka upande wa pili wa korongo. "Kwangu ni hapo. Anayetaka kuitoa, aitoe." Akaondoka, mguu mmoja peku, akichechemea.

Hakuna aliyeigusa. Kikao kikaahirishwa hadi kesho yake, na tuliporudi kandambili ilikuwa pale pale. Shemeji mtu akachuchumaa, akaweka kokoto pembeni yake, akaandika mchangani kwa kijiti: *Nyumba ya marehemu.*

Sindano akasoma. Akalifuta neno la mwisho kwa kidole cha mguu.

"Marehemu hana kiu, shemeji. Andika fundi."

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye. Shemeji hakucheka. Aliandika FUNDI kwa herufi kubwa, taratibu, kisha akaokota kandambili, akaipangusa majivu, akaiweka mbele ya mguu wa mwenyewe.

Sindano akaivaa.

"Suruali yako iko tayari," akamwambia. "Njoo uichukue. Njia unaijua."