Diski Mbili za Mwanakhamis

Mwanakhamis alikuwa mpiga taipu wa shirika la umma hadi shirika lilipobinafsishwa, naye akapunguzwa kazini. Hakulia sana. Alifungua kibanda cha kuchapa barua Chumbageni, akanunua kompyuta ya mtumba, na kila alasiri wateja wakipungua akamchapia mumewe, Mwalimu Bakar, aliyekuwa akikusanya maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya kwao pwani. Mwalimu alisoma daftarini, yeye akachapa, miaka sita, maneno elfu mbili na ushei. Kisha Mwalimu akafariki, madaftari yakaliwa na mchwa. Maneno yakabaki ndani ya diski tu.

Mwaka 1999 wateja wakaanza kumkimbia. Walitaka kadi za harusi zenye maua, na kompyuta yake ya mfumo wa zamani wa DOS ilijua herufi nyeupe kwenye kioo cheusi, basi. Akamwita fundi Asheri aje na Windows.

"Shikamoo mama. Hii diski ni ndogo, tuifute tuanze upya."

"Marahaba. Ya zamani haifutwi. Nunua ya pili, uifunge humo humo."

"Mashine moja, mifumo miwili? Itagombana, mama."

"Mwanangu, nimekaa uke wenza miaka kumi na tisa. Usinifundishe ugomvi."

Asheri akafunga diski mpya, akaanza kupakia. Kioo kikauliza ifutwe diski ipi, ya kwanza au ya pili. Asheri akasita, kidole kikiwa juu ya kibodi, hana hakika ipi ni ipi. Mwanakhamis akamshika mkono.

"Zima! Chomoa waya wa ile ya zamani. Mwalimu akiwa zamu kwangu, jina la mwenzangu halikutajwa ndani ya nyumba. Mmoja akihudumiwa, mwingine asiwepo."

Asheri alicheka, lakini akachomoa. Windows ilipokwisha kuingia akarudisha waya, akamwonyesha mahali pa kuchagua diski ya kuanzia kila awashapo mashine. Maneno yalikuwepo yote. Mwanakhamis alifurahi, ila furaha yenyewe ilikuwa na kidonda.

Wiki iliyofuata alituma salamu kijijini Mwera, kwa Sabiha, mke mwenzake. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya Mwalimu. Sabiha alikuja na kikapu cha mihogo, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni wa ofisini. Mwanakhamis akaiwasha diski ya zamani.

"Sijui kusoma," Sabiha akasema. "Hapo pameandikwaje?"

"Kila neno lina jina la aliyelisema. Karibu yote ni wewe." Akaligusa jina pale kiooni. "Nimelichapa jina lako miaka sita, na kila siku nilitamani kulifuta. Wivu, dada. Sikulifuta."

Sabiha akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Basi chapa, mwenzangu. Yapo maneno ambayo hata Mwalimu sikumwambia."