Rundo Mbele ya Nyumba ya Delia

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Hapana, nakosea. Hamsini na sita ndio mwaka aliokufa punda wangu wa kwanza, na siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na yule wa pili, yule mkaidi. Basi ni hamsini na saba, mwezi wa Novemba, na mvua ilikuwa imeshaanza ile tabia yake ya kunyesha bila kupumzika.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupitapita. Leo niko Bangor, kesho Geesala, punda mbele, mkokoteni nyuma. Nabeba mizigo ya watu, nazibua dohani za moshi, naweka vioo vya madirisha. Nilisoma hadi darasa la nne, lakini shule nimeziingia nyingi kuliko wakaguzi, maana kila shule ya Erris, wilaya yetu, ilikuwa na dohani iliyoziba.

Katika shule moja ya vyumba viwili, kando ya kinamasi, ndipo nilipomkuta Nóirín Gaughan. Alikuwa bado hajawa mwalimu. Chuo kilimtuma kutoka Dublin kwa wiki sita ajifunze kufundisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa mwenye duka wa Ballina, mwenye viatu vizuri visivyofaa tope. Watoto walimwita Mwalimu, na kila walipomwita aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa.

Chuo kilimwagiza aandike daftari juu ya wanafunzi na watu wao. Nasikia wenzake walijaza mistari miwili kwa kila mtoto, wakalala. Yeye aliwasindikiza watoto hadi makwao, mmoja kila siku, akanywa chai katika kila nyumba hata tumbo likamuuma. Nikimkuta njiani nilimpakia mkokotenini, naye akanisomea. Michael John Padden: baba yake alikatika mkono kwenye mashine huko Uingereza, kwa hiyo mtoto hukamua ng'ombe watatu kabla ya kuja shule, ndiyo maana husinzia kwenye hesabu. Mapacha wa Reape: wanalelewa na bibi yao, kiziwi, ndiyo maana hupiga kelele darasani.

"Na jana niliwasimamisha ukutani kwa sababu ya kelele hizo," aliniambia, akafunga daftari.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa Assumpta Lavelle, wa miaka tisa, aliyekaa mlangoni.

Sisi kule tunachoma udongo wa kinamasi. Unakatwa kiangazi, unaanikwa, unakauka, na majira ya baridi kila mtoto alikuja shuleni na donge moja kwapani kwa ajili ya moto wa darasa. Aliyeleta alikaa karibu na moto. Asiyeleta alikaa mlangoni. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Mwalimu Mkuu, Bwana Ruttledge, mtu mpole tu, aliikuta akaiacha ilivyo.

Assumpta hakuleta kitu. Baba yake alikwenda Uingereza kuchimba mahandaki, barua zikaja, zikapungua, zikakoma. Mama yake, Delia, alikuwa na kitoto kichanga na mgongo mbovu, na sehemu yao ya kinamasi haikukatwa mwaka ule. Kila asubuhi mtoto alisema amesahau. Wenzake walishajua, na siku moja mmoja wao akamchokoza:

"Umesahau tena, Assumpta? Na kichwa je, umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho. Ningekuachia wewe, lakini kingekupwaya."

Darasa lilicheka, naye akacheka, halafu akaanza kukohoa. Mimi nilikuwa kwenye dohani na ufagio wangu, nikakisikia kikohozi chenyewe. Kilitoka chini sana kwa mtoto mdogo hivyo.

Siku hiyo Nóirín alinifuata nje. Alisema kama hali itaendelea hivi, mtoto hataliona darasa la tano, ama ataacha shule ama kifua kitammaliza. Alitaka asogee kwenye moto kabla ya Krismasi. Hilo tu.

"Bwana Festy, una mkokoteni na una kinamasi."

"Na nina punda asiyenipenda," nikamjibu. "Unataka nini, Mwalimu?"

Alitaka shehena nzima ya madonge kwa nyumba ya Delia. Nilikuwa nayo, iliyokauka vizuri, nikasema atapewa, wala asinilipe. Tukapanga Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa na nafasi.

Sasa nieleze jambo ambalo yeye hakulijua na mimi nililijua tangu niko mgongoni mwa mama. Kwetu mtu aliyepungukiwa husaidiwa, tena sana, lakini haonwi akisaidiwa. Unapeleka alfajiri, mbwa hawajaamka. Unaweka nyuma ya nyumba, unaondoka. Ukikutana naye baadaye mnaongea habari za mvua. Yeye anajua, wewe unajua, na mtazikwa nalo. Baba yangu alifanya hivyo kwa watu ambao majina yao hakuwahi kutuambia.

Mimi nilipita barabara kuu, Jumapili mchana, watu wakitoka Misa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Njia ya nyuma ilikuwa imejaa maji, hilo ni kweli. Binti alikaa juu ya shehena akiimba, na sikutaka kumkatiza. Hilo nalo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Watu walinizoea kama Festy wa dohani, mtu wa masizi, na siku ile walivua kofia nilipopita. Nilipenda kuonekana.

Tuliteremsha madonge mbele ya mlango, tukayapanga vizuri chini ya dirisha. Delia Lavelle akatoka na mtoto mkononi. Alitushukuru. Akatuingiza ndani, akatoa vikombe vya harusi yake, akatukatia mkate ambao nadhani ulikuwa wa kesho. Nóirín alimwambia sasa Assumpta ataota moto kama wenzake. Delia akasema ndiyo, kwa hakika ataota.

Jirani mmoja, Bartley Munnelly, akapita na wanawe, akachungulia mlangoni. "Naona Krismasi imewahi kwako, Delia."

"Imewahi, Bartley. Karibu upashe moto makalio yako."

Wote wakacheka. Nikamtazama Delia na ule mkono ulioshika birika, nikajua tumemwaibisha. Nikanywa chai yangu.

Jumatatu Assumpta alifika na donge moja limefungwa kwenye gazeti. Akaliweka karibu na moto mbele ya watu wote, kisha akarudi kukaa mlangoni. Nóirín ndiye aliyenisimulia hili. Alimwambia mtoto asogee, mahali pake papo. Mtoto akasema, "Mama amesema nilete hilo, halafu nikae palepale nilipokuwa." Alikaa hapo siku nne. Siku ya tano hakuja.

Walipanda basi asubuhi, Delia, Assumpta na kile kichanga, kwenda kwa dada yake Delia huko Coventry, Uingereza. Hawakumuaga mtu. Nilipopita, ufunguo ulikuwa kwenye tundu la mlango, na rundo liko chini ya dirisha kama tulivyolipanga. Nilichungulia dirishani: jiko limefagiliwa, jivu hamna. Nikayahesabu madonge ya safu ya juu, maana niliipanga kwa mkono wangu. Lilipungua moja.

Nóirín alimaliza wiki zake. Siku ya kuondoka nilimpeleka kituoni, na njia nzima hakufungua daftari. Karibu na Bangor ndipo aliponiuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuwa najua tangu mwanzo kuwa ingekuwa aibu. Nikamwambia nilijua. Kituoni akaniomba nimshushie sanduku lake.

Nilimwona tena mara moja, miaka sita baadaye, mwalimu kamili kusini huko karibu na Kiltimagh, nimekwenda kuzibua dohani yake. Nilifika mapema mno. Nikamwona anakuja peke yake, mvua inanyesha, koti limevimba ubavuni. Akatoa madonge mawili, akayaweka nyuma ya ukuta wa lango, penye nyasi, kisha akaingia ndani kuwasha moto. Baadaye wakaja watoto. Mvulana mmoja alichelewa makusudi, akainama nyuma ya ukuta, akaingia darasani na donge kwapani kama wenzake. Mimi na mwalimu tuliongea habari za mvua.

Lile rundo la Delia halikuguswa na mtu. Nyasi zililifunika, na paa la nyumba likaja kuanguka juu yake.

Kila kiangazi watu wetu hurudi kutoka Uingereza, wamevaa suti, na kila kiangazi nimewauliza. Nimewauliza wa Coventry na wasio wa Coventry, na barua moja padri alinisaidia kuiandika. Swali langu si refu: yule mtoto wa Delia Lavelle, kile kikohozi kilimtoka?