Sweta za Sufu Bujumbura

Mama yangu hakuwahi kufika Bujumbura. Kwetu ni Makete, milimani, ambako kuna asubuhi unaamka unakuta sakitu imeyababua majani ya viazi, na kwa akili yake dunia nzima ilikuwa na baridi. Ndiyo maana dada yangu alipojifungua huko Burundi alikoolewa, nami nikatumwa kwenda kumtunza mzazi, mama alinifungia sweta za sufu alizofuma mwenyewe: ya mtoto, ya shemeji, na ya mama mkwe wa dada.

Nilifika mwisho wa kiangazi, kwa boti ya mizigo kutoka Kigoma. Niliposhuka bandarini nilidhani nimesimama mlangoni mwa tanuri. Milima yote juu ya mji ilikuwa inaungua. Wengine walisema ni wakulima wanachoma nyasi, wengine walisema ni vita, na hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Moshi ulishuka, ukachanganyika na vumbi la barabarani, ukatulia juu yetu kama kifuniko cha chungu. Nilikohoa mpaka mpagazi wangu akatua mzigo ili anipe pole vizuri.

Dada alikaa Buyenzi na mumewe, fundi wa magari, pamoja na mama yake huyo mume, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa mtaa uleule. Zawadi nilizitoa kwa aibu, jasho likinitiririka puani. Yule mama aliipokea yake kwa mikono miwili, akaivaa palepale juu ya gauni, akafunga vifungo vyote.

"Mama, utaungua," nikamwambia.

"Mama yako amekaa chini amefuma na mikono yake, halafu mi niitie mu sanduku? Apana! Nitaivaa mpaka majirani wote waione."

Na majirani wa Buyenzi ni wengi.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Kwa sababu ya vita hakuna aliyethubutu kulala uani, na madirisha yalifungwa mapema. Dada alinifundisha kulowesha kitenge na kukitundika mlangoni kinase moshi, kumwagia sakafu maji na kujilaza juu ya saruji. Alinifundisha pia kunywa chai ya moto.

"Chai ya moto kwenye joto hili?"

"Kunywa tu. Utanishukuru."

Sikumshukuru. Lakini kitenge kilisaidia, na kifua kikaanza kufunguka.

Dawa hasa alikuwa nayo shemeji. Kila gari alilotengeneza lilipaswa kujaribiwa kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, na msimu wa joto majaribio yake yalikuwa marefu kidogo. Mtoto alipotimiza arobaini, Jumapili moja, alikuja na gari la karani mmoja wa serikali, akalisimamisha mlangoni na kupiga honi.

"Ingieni! Tunaenda kupima breki."

Tukaingia sote: dada na mtoto, mimi na sufuria ya pilau mapajani, na mama mkwe mbele, ndani ya sweta. Mwenye gari alikaa Musaga, kwa hiyo upande huo hatukuukaribia. Tulishika njia ya ziwani kuelekea Kibenga, vioo vyote chini, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikahisi upepo usoni. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kwenye bariyeri askari akatusimamisha. Alikuwa kijana, shati limemganda mgongoni, macho mekundu kwa moshi.

"Munaenda wapi?"

"Tunajaribu hii gari," shemeji akajibu.

Askari akachungulia ndani. "Na hiyo sufuria?"

"Gari inajaribiwa na muzigo, afande."

Hakucheka. Akamtazama mama mkwe. "Huyu mama iko mugonjwa? Ana malaria?"

Nilimwona shemeji akivuta pumzi ya kusema ndiyo. Mama yake akamwahi.

"Mi siko mugonjwa! Hii ni zawadi. Mama ya huyu mwenye sufuria ndiye amefuma, kule kwao Tanzania. Shika, uone."

Askari akahamishia bunduki bega jingine, akaingiza mkono dirishani, akaishika ile sufu kwa vidole viwili.

"Ni ya kweli," akasema taratibu. Kisha akaniuliza mimi: "Kwenu kuna baridi?"

"Kali. Asubuhi huoni hata mlango wa jirani, kwa ukungu."

"Ukungu wa maji? Siyo hii moshi?"

"Wa maji. Unalowesha nywele."

Akafurahi ghafla kana kwamba nimemtajia ndugu yake. Alisema ametoka Mugamba, juu kabisa, na mama yake huota moto tangu saa kumi jioni. Aliniuliza kama nasi tunapanda njegere, kama ng'ombe wetu wanalala ndani. Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi, naye hakuyasikia. Mwishowe akarudi nyuma hatua moja.

"Murudi mbele ya kuvre-fe," akasema. Amri ya kutotoka nje haikumngoja mtu.

Kibenga tulikula pilau na mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa lile, kisha mimi na dada tukaingia majini na vitenge vyetu hadi shingoni. Tulikaa humo tukipiga soga mpaka vidole vikakunjamana, na tulitoka tu kwa sababu wavuvi walituonya kwamba kiboko ameonekana jirani.

Jua lilipoanza kushuka, gari likagoma kuwaka. Tulilisukuma, dada, mimi, na mama mkwe aliyekuwa akisukuma kwa sauti kuliko kwa nguvu, huku kila mtu akiwazia saa. Lilipokohoa na kuwaka tulirukia ndani huku linatembea. Tukafika Buyenzi milango ikianza kufungwa, tumelowa jasho kupita tulivyoondoka.

Kesho yake karani alikuja kuulizia gari lake. Shemeji alijifuta mikono, akatikisa kichwa kwa uzito.

"Bado. Sijaziamini breki."

Karani akamshukuru sana kwa uangalifu wake. Dada alikimbilia ndani, nami nikamfuata, tukacheka nyuso zetu zikiwa ndani ya mto ili asitusikie.